Ni Mafuta Tu? Hebu Turudi Maktau Kwanza

Jumamosi nilikuwa kwenye kahawa hapa Voi, upande wa stesheni ya zamani. Wanaopajua wanajua: ukikaa dakika kumi tu, umesikia siasa za dunia nzima. Redio ilikuwa inasoma habari za manowari huko Ghuba, na mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, akagonga meza. "Ni mafuta tu! Hakuna kingine. Penye mafuta, mkubwa hakosi sababu ya kwenda."

Mwalimu mmoja wa historia akamjibu kwa upole. "Mzee, kwa heshima zako, hiyo ni rahisi mno. Wamarekani walienda Somalia 1992. Walichota mafuta gani?"

"Na Rwanda 1994 mbona hawakwenda?" mzee akauliza. "Palikuwa na mafuta? Hapakuwa. Basi!"

Hapo ndipo macho yote yakanigeukia mimi. "Wewe kijana wa video, sema kitu." Nikasema nitaandika, kwa sababu kubishana na watu wazima wawili kwa wakati mmoja si adabu, na pia kahawa yangu ilikuwa inapoa. Kwa hivyo hii hapa.

Msimamo wangu nautoa mapema msije mkasema nimewazungusha. Mzee anaangalia kisima. Mwalimu naye anaangalia kisima, ila anasema ni kikavu. Mimi naona wote wawili wangeangalia barabara. Dola kubwa mara nyingi haiji kuchukua mali kwa mkono. Inakuja kushika njia ambayo mali hiyo inapita, na kuhakikisha adui hawezi kuifunga. Na kama kuna watu Kenya hii wanaopaswa kulielewa hilo bila kufundishwa, ni sisi wa Taita Taveta, maana sisi tumekuwa njia ya watu tangu babu zetu.

Sasa twende 1914.

Mwaka huo serikali ya Uingereza ilifanya jambo la ajabu kidogo kwa serikali ya wakati ule: iliingia biashara ya mafuta. Winston Churchill alikuwa waziri wa jeshi la majini, na manowari za Uingereza zilikuwa zinahama kutoka makaa ya mawe kwenda mafuta. Shida ni kwamba makaa ya mawe Waingereza walikuwa nayo tele nyumbani kwao, lakini mafuta hawakuwa nayo. Yalikuwa Uajemi, yaani Iran ya leo, na kiwanda cha kuyasafisha kilikuwa Abadan, karibu na ncha ya kaskazini ya Ghuba. Basi serikali ikalipa pauni milioni 2.2 na kuchukua asilimia 51 ya kampuni ya Anglo-Persian, ambayo leo mnaijua kama BP. Bunge lilipitisha jambo hilo Juni 1914. Vita Kuu ikaanza Agosti.

Hapa ndipo hadithi inapokuja mlangoni kwetu. Jeshi la India, lililokuwa chini ya Waingereza, lilituma vikosi ng'ambo na kuvipa majina ya herufi. Kikosi A kilienda Ulaya. Kikosi C kilishuka Mombasa Septemba 1914, kazi yake kulinda reli ya Uganda, hii reli yetu ya Voi. Kikosi B kilipelekwa Tanga, na huko kikapigwa vibaya na Wajerumani na askari wao Waafrika kati ya tarehe 2 na 5 Novemba, ingawa kilikuwa na watu wengi mara kadhaa kuliko wao. Kikosi D kilishuka Fao, mwanzo wa njia ya kwenda Basra, tarehe 6 Novemba. Hicho cha mwisho ndicho kilikuwa kimesimama karibu na Abadan na bomba lake.

Angalieni hizo tarehe tena. Waliopigwa Tanga walirudi melini tarehe 5, na kesho yake wenzao wakawa wanashuka Ghuba. Jeshi ni moja, mwezi ni mmoja. Kikosi kimoja kinalinda mafuta, kingine kinalinda reli inayopita kwenye kichaka cha Tsavo ambako hakuna hata tone la mafuta. Aliyekuwa akipanga hayo hakuona tofauti kubwa. Vyote viwili ni mishipa ya himaya, na mshipa ukikatwa, himaya inazimia.

Reli yenyewe hawakuijenga kwa kupenda Voi. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika Kisumu 1901, na lengo lilikuwa Uganda, kwa sababu Uganda ndiko chanzo cha Nile, na Nile ndiyo Misri, na Misri ndiyo mfereji wa Suez, na Suez ndiyo njia ya India. Njia ya kulinda njia ya kufika kwenye njia. Sisi tulikuwa kilomita fulani tu katikati.

Wajerumani waliliona hilo haraka. Katikati ya Agosti 1914, vita ikiwa haijamaliza wiki mbili, walivuka mpaka na kuiteka Taveta. Hapo ndipo karibu mahali pekee ambapo Wajerumani walishika ardhi ya Waingereza katika vita ile. Je, walitaka mashamba ya Taveta? Hapana. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua hawezi kushinda vita ya Afrika. Alichotaka ni kuwalazimisha Waingereza wabakize askari wengi huku, ili wasipelekwe Ulaya. Na njia nyepesi ya kufanya hivyo ni kuisumbua reli. Vikundi vidogo vilitoka upande wa Kilimanjaro, watu wachache na baruti zao, wakikata nyika siku kadhaa bila maji, wakatega baruti relini na kurudi. Wengine kiu iliwamaliza kabla hata ya kuona reli. Ukipita Voi kwenda Tsavo na gari lenye AC, jaribu kufikiria kutembea hapo Februari.

Waingereza wakajibu kwa kujenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea Taveta. Ilifika Maktau Juni 1915. Ni reli ya vita kabisa, haikujengwa kubeba katani wala abiria. Ilibeba risasi, nyumbu, na maji, kwa sababu kambi kubwa kule nyikani isingeishi bila maji ya kutoka milima ya Bura. Ndiyo hiyo reli ambayo leo nyasi zimeifunika sehemu nyingi ukielekea Mwatate, na watoto wanaitumia kama njia ya kwenda shule.

Tarehe 12 Februari 1916 askari wapya kutoka Afrika Kusini walitumwa kupanda kilima cha Salaita, kabla ya kufika Taveta. Walikuja na dharau, kwa sababu walikuwa wamesikia upande wa pili ni Waafrika wengi. Askari wale Waafrika waliwatimua, na ilibidi Wahindi wa kikosi cha Baluchi wawakinge wakati wakirudi nyuma. Mwezi uliofuata Jan Smuts alikuwa ameshafika na jeshi kubwa zaidi, wakapigana Latema na Reata, na Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza. Makaburi ya vita yapo Voi, Maktau na Taveta, yamefagiliwa vizuri, na watalii wanakuja kupiga picha. Sina ubaya na hilo. Waliolala pale walikuwa vijana kama mimi.

Lakini kuna watu ambao vita hii iliwafanyia jambo na hawana mawe yaliyofagiliwa.

Nyanya yangu mzaa mama ni Mkasigau. Baba yake alikuwa mtoto mdogo 1915. Mwaka huo Wajerumani walikishambulia kituo cha Waingereza pale Kasigau, na Waingereza wakaamua kwamba wenyeji ndio waliowasaliti na kuwaonyesha adui njia. Hakuna kesi ya mtu mmoja mmoja iliyosikilizwa. Jamii nzima ilikusanywa, wazee, wanawake, watoto, ikapelekwa Malindi. Mtoke mlimani kwenye baridi na chemchemi, mkatupwe pwani kwenye joto na malaria ambayo miili yenu haijaizoea, bila mashamba. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Ilikuja kuwa miaka ya 1930 ndipo waliobaki wakaruhusiwa kurudi mlimani kwao.

Nyanya husema baba yake hakupenda kuzungumzia Malindi. Akiulizwa, alikuwa anataja majina ya watu tu, moja baada ya lingine, halafu ananyamaza. Na siku nilipomweleza nyanya kwamba chanzo cha yote ilikuwa kulinda reli, aliniangalia kama mtu aliyesikia kioja. "Reli gani?" akaniuliza. "Kasigau hakuna reli."

Ndivyo ilivyo mpaka leo, hakuna. Reli inapita kule chini, Maungu. Lakini ulinzi wa njia huwa mpana kuliko njia yenyewe. Unakula na walio kando.

Na sijawataja wapagazi. Kikosi cha wabeba mizigo Waingereza walikiita Carrier Corps, sisi tukakiita Kariakor, na mtaa wa Nairobi una jina hilo hadi leo, kama vile Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita ya Afrika Mashariki wanahesabiwa zaidi ya 90,000, na walio wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara, njaa na uchovu. Mzigo ulipokosa gari ulipata kichwa cha mtu.

Vita ilipoisha, nani alipata nini? Uingereza ilipata Tanganyika. Huko Iraki, mkataba wa kusimamisha vita na Waturuki ulitiwa sahihi tarehe 30 Oktoba 1918, na Waingereza wakaendelea kusonga mbele siku kadhaa zaidi mpaka wakaushika mji wa Mosul, ambako ilijulikana kuna dalili za mafuta. Hapo mzee wetu wa kahawa ana haki ya kugonga meza mara mbili. Taveta nayo, sehemu kubwa ya ardhi nzuri ikaishia mikononi mwa walowezi, wakapanda katani, na wenyeji wakawa maskwota mahali pao wenyewe. Kesi za ardhi hiyo bado tunazisikia kila msimu wa kampeni.

Basi tuendelee na hoja ya mzee, kwa sababu ana ushahidi mzuri kuliko anavyojua. Mwaka 1951 Iran chini ya waziri mkuu Mohammad Mosaddegh iliitaifisha ile kampuni ya Waingereza. Agosti 1953 alipinduliwa, na Marekani na Uingereza ndio walioyapanga mapinduzi hayo. CIA yenyewe ilikuja kukiri. Mwaka uliofuata mafuta ya Iran yakagawanywa upya: kampuni ya Waingereza asilimia 40, kampuni za Kimarekani asilimia 40, zilizobaki zikaenda kwa Shell na Wafaransa. Kabla ya hapo Wamarekani hawakuwa na fungu lolote pale. Hapo sitaki mjadala mrefu. Ilikuwa mafuta.

Na Kenya? Mnadhani Kenya ilikuwa mtazamaji? Julai 1961 Iraq ilipotishia kuimeza Kuwait iliyokuwa imepata uhuru wiki chache tu, Uingereza ilituma majeshi haraka, na sehemu yake ilikuwa brigedi iliyokuwa na kambi zake hapa hapa Kenya. Sisi wenyewe hatukuwa na uhuru bado, lakini ardhi yetu ilikuwa ngazi ya kupandia kwenda kulinda visima vya Kuwait. Kisha 1979 Shah wa Iran akaangushwa, Wasovieti wakaingia Afghanistan, na Januari 1980 Rais Jimmy Carter akatangaza wazi kwamba yeyote atakayejaribu kulishika eneo la Ghuba atakabiliwa hata kwa nguvu za kijeshi. Mwaka ule ule Marekani ikafanya mapatano na Oman, Somalia na Kenya ili majeshi yake yatumie bandari na viwanja vya ndege. Kwetu maana yake ilikuwa Mombasa.

Wazee wa Mombasa wanawakumbuka mabaharia wale, na baa zilizotajirika kwa ajili yao. Lakini swali ni hili: Mombasa ilikuwa na mafuta ya kuchimba? Haikuwa nayo. Ilikuwa na bandari iliyokaa vizuri kwenye ramani ya njia ya mafuta. Inatosha.

Sasa zamu ya mwalimu, maana nikimwacha atanisema. Somalia. Ni kweli kwamba kabla Siad Barre hajaanguka Januari 1991, kampuni nne za Kimarekani, Conoco, Amoco, Chevron na Phillips, zilikuwa na vibali vya kutafuta mafuta sehemu kubwa ya nchi. Na ni kweli kwamba Wamarekani walipofika Mogadishu Desemba 1992, nyumba ya Conoco ndiyo iliyotumika kama ofisi ya mjumbe wao. Gazeti la Los Angeles Times liliandika hayo Januari 1993, na tangu hapo watu wengi wanasema, "Si mnaona!" Lakini ukweli mwingine ni kwamba njaa ilikuwa inaua watu kweli, ndege za msaada zilikuwa zikiruka kutoka Mombasa tangu Agosti 1992, na baada ya Wamarekani 18 kuuawa Oktoba 1993 walifunga virago, wakawa wameondoka Machi 1994. Hakuna pipa hata moja lililotoka. Mtu aliyekuja kuiba hakimbii akiwa ameshaingia ndani ya nyumba, tena mikono mitupu. Nadhani mafuta ya Somalia yalikuwepo akilini mwa baadhi yao, lakini hayakuwa na uzito wa kuwafanya wabaki wakifa.

Iraq 2003 nayo ina pande mbili. Baghdad ilipoanguka Aprili, wanajeshi wa Marekani waliilinda wizara ya mafuta wakati jumba la makumbusho linaporwa. Picha hiyo haitafutika. Lakini 2009 visima vilipopigwa mnada, kisima kikubwa cha Rumaila kilikwenda kwa BP na kampuni ya serikali ya China, na China haikupiga hata risasi moja. Kama Marekani ilienda kujichotea, basi ni biashara mbovu kuliko zote. Kama ilienda kuhakikisha nani ana sauti juu ya Ghuba, hapo hesabu inabadilika.

Rwanda ndiyo inayonisumbua. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiwa yameshika moto, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza askari wake wabaki kama 270. Mzee anasema ni kwa kuwa hakuna mafuta. Mimi nasema wakubwa walikuwa wametoka Somalia wakiwa na jeraha bichi, na Rwanda haikuwa kwenye njia ya kitu walichokihitaji. Ukiniuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyowatia moyo wa jiwe zaidi, naona zilisaidiana.

Na tusijifanye watakatifu. Oktoba 2011 wanajeshi wetu waliingia Somalia. Sababu iliyotolewa ni utekaji nyara na al-Shabaab, na watu walikuwa wametekwa kweli, Lamu na Dadaab. Lakini wakati huo huo tulikuwa tunagombana na Somalia juu ya bahari yenye vitalu vya mafuta, kesi ambayo mahakama ya The Hague iliamua Oktoba 2021 na sehemu kubwa ikaenda kwa Somalia. Wasomali wengi wanaamini tulifuata bahari. Tukiwaambia si kweli, tukumbuke kwamba hivyo ndivyo kila mkubwa huwa anasema.

Jumapili nilipita Maungu kwa matatu, nikaangalia kituo cha kusukuma mafuta cha lile bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi 1978. Ule ule ukanda wa reli ya 1896, ukanda wa barabara kuu, ukanda wa SGR ya 2017. Mafuta yanayopita humo siku hizi yanatoka Ghuba yakiwa yameshasafishwa, kwa sababu kiwanda chetu cha Changamwe kilisimama 2013, na tangu 2023 tunanunua kwa mapatano ya serikali na kampuni za Saudi Arabia na Emirates. Yaani mlango wa Hormuz ukitikisika, tarehe 14 EPRA wakitangaza bei, mwendesha boda wa Voi ndiye wa kwanza kujikuna kichwa. Zile manowari tunazozilaani kwenye kahawa zinalinda na petroli yetu pia. Silipendi hilo, lakini siwezi kulificha.

Jioni nikamsomea mzee haya yote pale pale kwenye kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema nimemzungusha Maktau, Malindi mpaka Kuwait ili nisikubali tu kwamba alikuwa sawa tangu mwanzo. Mwalimu akacheka, akasema naye alikuwa sawa. Kisha mzee akauliza kama wale watu wa Kasigau ni ndugu zangu kweli, na nilipomwambia ndiyo, akamwita muuzaji na kunilipia kahawa.